Agnetha Kalugula, Mama wa Majiko ya Makopo (1971–2025)

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Ushirombo, na ninyi mliosafiri kutoka Shinyanga na Bugarama kuja kumsindikiza mama yetu: maelezo haya ni marefu kuliko ilivyozoeleka, na tunaomba mtuvumilie. Marehemu aliyaagiza mwenyewe. Mwezi Aprili mwaka huu, akiwa kitandani, alimwambia binti yake Noela, "Siku hiyo msinipambe. Semeni nilipokosea, halafu mseme na lile ambalo sikulifanya." Yote mawili yamo humu.

Marehemu Agnetha Kalugula alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971 hapa hapa Ushirombo, wakati huo ikiwa bado wilaya ya Kahama. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba wa marehemu mzee Yohana Kalugula na Bibi Euphrasia, ambaye tuko naye hapa mbele. Mzee Yohana alikuwa fundi wa koroboi. Nyumba yao ilijaa makopo ya mafuta, ya maziwa na ya rangi, na Agnetha alijua kukata bati kabla hajajua kusuka mkeka. Kovu lililokuwa kwenye kidole gumba chake cha kushoto ni la siku aliyotaka kumwonyesha baba yake kwamba hahitaji kusaidiwa.

Alisoma shule ya msingi hapa Ushirombo kuanzia mwaka 1980 hadi 1986. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, na jambo hilo lilimuuma mpaka mwisho, wala hakulificha. Alipenda sayansi kuliko masomo yote. Masista wa misheni walimpokea kwenye mafunzo ya upishi na ushonaji, akamaliza mwaka 1990. Sista aliyemfundisha aliandika kwenye cheti kwamba anapika vizuri ila anauliza sana. Cheti hicho alikiweka ukutani kwa fahari.

Mwaka 1996 aliajiriwa kuwa mpishi wa kampuni moja ya utafiti wa madini iliyokuwa ikizunguka Bugarama, na baadaye mapori ya Geita. Kazi ya kikosi chao ilikuwa kutembea kwa miguu wiki nzima, kuchukua sampuli za udongo na kulala kwenye mahema. Kila mtu alibeba mzigo wake. Mkaa ulilowa mvua, mafuta ya taa yalivujia unga, na mtungi wa gesi hakuna aliyekubali kuubeba. Mwaka 2001 marehemu aliokota makopo mawili ya soda yaliyotupwa na wageni, akayakata, akayachomeka moja ndani ya jingine, akatoboa matundu kwa sindano na kumimina spiriti. Chai ikachemka. Wenzake walicheka hadi walipopewa vikombe.

Kuanzia hapo hakutulia. Alijaza madaftari ishirini na tisa, na tunayo yote. Humo ameandika idadi ya matundu, kimo cha kopo, upepo ulikuwaje, na dakika za kuchemsha nusu lita ya maji. Aligundua kwamba matundu kumi na sita yanashinda ishirini na manne. Jiko namba 31 lilichemsha maji hayo kwa dakika saba, likinywa vijiko viwili tu vya spiriti. Alitaka kujua uzito wake barabara, na mizani ya dukani haikuweza hata kulitambua, kwa hiyo akalipeleka Bugarama kwa mnunuzi wa dhahabu, kijana aliyeitwa Marselino Ngasa. Wachimbaji walipanga foleni na dhahabu zao wakisubiri kopo la soda lipimwe. "Gramu kumi na nne," alisema Marselino. "Dada, hii nayo unauza?" Akamjibu, "Siuzi. Punguza pumzi, unatikisa mizani."

Walifunga ndoa tarehe 9 Oktoba 2004 katika kanisa la misheni hapa Ushirombo, wakajaliwa watoto watatu. Baba Noela anasema hakuna mwaka aliokula chakula cha jiko moja kutoka Januari hadi Desemba.

Sasa tunafika pale ambapo wengine walitushauri tupite haraka. Tarehe 17 Septemba 2013, saa sita mchana, kikosi kilikuwa kimepiga kambi porini upande wa magharibi wa Geita. Luka Nkwabi, mbeba sampuli, wakati huo akiwa na miaka ishirini na miwili, alitaka kuongeza spiriti kwenye jiko. Alilitazama, hakuona moto, akaamini limezimika. Lilikuwa linawaka. Moto wa spiriti ni wa buluu hafifu, na kwenye jua la saa sita hauonekani kabisa. Ulipanda kwenye mkondo wa spiriti hadi kwenye chupa, ukamuunguza mkono wa kulia na kuteketeza mahema mawili. Marehemu alimfunika Luka kwa gunia lililolowa, akauzima, akakaa naye hospitalini siku kumi na moja.

Jioni ya siku ile ile, kwenye benchi la hospitali, aliandika katika daftari la kumi na nane: "Kosa ni langu. Miaka kumi na miwili nimepima majiko jikoni kwangu kwenye giza, ili nione moto vizuri. Sikuwahi kupima juani." Hayo ndiyo makosa yake, na tunayasoma kama alivyoyaandika.

Kampuni iliandika kitu kingine. Barua ya tarehe 23 Septemba ilimwachisha kazi kwa sababu "mpishi alikuwa amelewa kazini." Alinuka spiriti, kwa hiyo wakaamua ameinywa. Agnetha Kalugula hakuwahi kuonja pombe, hata kwenye harusi yake mwenyewe alinywa maji. Waliomshauri atie sahihi ili yaishe walikuwa wengi, na baadhi wapo hapa. Alikataa. Alimwambia ofisa aliyemletea barua, "Nilikosea, lakini nilikosea nikiwa na akili zangu timamu. Andika hivyo, nitasaini sasa hivi."

Tarehe 30 Septemba alikwenda na jiko lake hadi kwenye geti la ofisi yao mjini Geita, akaketi chini juani, akachemsha chai. Alifanya hivyo siku tisa mfululizo, kila siku saa sita. Mlinzi wa geti, Marwa, alimfuata siku ya kwanza.

"Shikamoo mama. Hapa hapakaliwi."

"Marahaba baba. Kabla hujanifukuza, niambie kama jiko hili linawaka."

Marwa akainama, akatazama. "Haliwaki."

"Weka mkono juu yake, lakini taratibu."

Kuanzia siku ya pili Marwa alikuja na kikombe chake. Siku ya tisa ofisa mmoja alitoka, akaonyeshwa, akaunguza ncha ya kidole. "Mama, jiko nimelielewa," alisema. "Ila barua siwezi kuibadilisha." Marehemu alifunika jiko, akakusanya vyombo vyake na kumwambia, "Basi hujalielewa."

Mwaka 2014 familia ilihamia Ngokolo, Shinyanga. Huko alipima majiko yote upya, juani. Alifunga kipande cha chumvi ya mawe kwa waya kwenye ukingo wa kopo, moto ukageuka wa njano, ukaonekana. Hilo ndilo jiko namba 47, linalobebwa hadi leo na skauti wanaokwenda kupiga kambi na waumini wanaohiji kwa miguu. Kila aliyetaka kufundishwa alianza na somo moja: kuketi juani na kusikiliza namna mwalimu wake alivyomuunguza kijana wa watu. Hakuna aliyekabidhiwa kopo kabla ya kusikia hayo.

Machi 2024 alianza kuumwa ubavu wa kulia. Vipimo vilionyesha saratani ya ini. Wapo waliosema chini chini kwamba ini la mlevi limemwadhibu, na leo tunawaomba wasikie vizuri: madaktari walisema ilitokana na virusi vya homa ya ini. Alitibiwa Shinyanga na Mwanza. Alifariki dunia tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na mumewe na wanawe.

Kwenye kikao cha familia juzi, baba mdogo Selestine, kwa nia njema, alisema, "Tuandike tu alikuwa mpishi. Ya kampuni tuyaache, huu ni msiba." Bibi Euphrasia akamjibu, "Ng'wanone, mwanangu huyu, hakuniachia cha kuficha. Someni yote." Ndipo Luka aliposimama. Alisema, "Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Harufu ile ilitoka kwenye chupa niliyoishika mimi. Niliwaandikia hivyo nikiwa wodini, kwa mkono wa kushoto, na hakuna aliyeniuliza tena."

Marehemu ameacha mume, Marselino Ngasa, mama mzazi, Bibi Euphrasia, watoto watatu, Noela, Edson na Vumilia, wajukuu wawili, na ndugu watano. Ameacha pia Luka Nkwabi, aliyeomba aandikwe miongoni mwa watoto, nasi tumemwandika.

Nakala ya maelezo haya, pamoja na maneno ya Luka yenye sahihi yake, tutaipeleka kwa mkono katika ofisi ile ya Geita tukishamaliza matanga. Mama Noela apumzike, kazi yake ameimaliza. Sisi hatupumziki mpaka neno lile lifutwe.