Linus Chingwile na Kanda ya Pili

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na dada yake, Eva. Lionja, 4 Februari 2008

Marehemu Linus Lukasi Chingwile alizaliwa hapa Lionja, Nachingwea, tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa pili wa mzee Lukasi na mama Lusiana. Mama anasema alilia siku tatu mfululizo, kwa hiyo kelele alianza nazo mapema.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, 1982 hadi 1988. Darasani hakung'ara. Nyumbani alisikiliza santuri za miaka ya sitini ambazo padri mmoja alimwachia baba: magitaa yanayoyumba, mengine kama yanapigwa kinyumenyume. Alifungua redio ya baba aone sauti inatoka wapi. Akachapwa, akaifungua tena.

Alifanya kazi ya ufundi redio Nachingwea mjini. Mwaka 1996 yeye na Swalehe, mpiga dramu, walianzisha bendi ya Mwangwi. Kanda yao ya kwanza, 1999, ilikuwa ya kucheza, na harusi zote ziliipiga. Mwaka 2000 alifunga ndoa na mwimbaji wake, Shakila.

Mwaka 2003 wakarekodi kanda ya pili, Ukungu, ndani ya ghala la korosho. Humo alichanganya zile santuri za padri na kelele zake mwenyewe. Alitengeneza kisanduku kwa vipuri vya redio, akakiweka chini. Akikikanyaga, gitaa linanguruma mpaka mabati yanatetemeka, na sauti ya Shakila inazama mle ndani. Alipiga akiwa ameinama, macho kwenye viatu vyake, maana kisanduku kilitaka kuangaliwa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Tarehe 6 Septemba 2003, mchana, walipiga nyimbo za Ukungu Nandagala, kule Ruangwa nilikoolewa. Watu walimzomea. Walisema anawadharau, hata kuwatazama hataki. Jumatatu nikaiweka kanda hiyo kwenye redio ya mashine ya kusaga. Wanawake wakauliza ni nini hicho kinachonguruma. Nikawajibu kwa utani, "Mdogo wangu anaita simba. Akikanyaga tu, wanakuja." Nilicheka mimi wa kwanza.

Alhamisi simba alimuua mama mmoja kwenye mikorosho. Mwaka ule simba walikuwa wanatumaliza, na kila mtu alitaka kujua nani anawatuma. Jumamosi watu walimfuata Linus nyumbani kwangu, bendi ilikofikia. Walimpiga kwa mipini ya majembe mpaka mguu ukavunjika. Wakamwekea kisanduku chake mbele, wakamkanyagisha kwa mguu uleule. "Mwite sasa!" Kisanduku hakikuwa na umeme, kikanyamaza. Kimya hicho kikawapandisha hasira zaidi. Wakakinyanyua, wakampondea nacho vidole vya mkono wa kushoto, kisha kichwa. Kanda zote wakazichoma uani. Baadhi yao nawaona hapa, mmeshika hii programu ya mazishi. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nimejiziba mdomo kwa khanga.

Linus hakupiga gitaa tena. Sikio la kushoto lilikufa, kifafa kikaanza, redio akawa anatengeneza kwa mkono mmoja. Alifariki hospitalini Nachingwea tarehe 2 Februari 2008, saa nne asubuhi, baada ya kuanguka kifafa. Siku moja kabla aliniuliza kama ile kanda ya mashineni bado ipo. Nikamjibu ipo, ndiyo pekee iliyobaki. Akanishika mkono.

"Basi dada, wewe ndiye uliyeiokoa."

Sikumwambia. Miaka minne na zaidi nilimpikia uji, nikamfulia, na sikumwambia. Namwambia leo mbele yenu: Linus, yale maneno ya simba yalitoka kwangu.

Ameacha mama yetu Lusiana, mjane Shakila, watoto wawili, Gabrieli na Raudha, Swalehe wa dramu, na mimi. Kabla ya kufukia, Swalehe ataiwasha kanda. Inanguruma. Asikimbie mtu.

Yeye apumzike kwa amani. Sisi tubaki tusikilize mpaka iishe.