Mkanda wa Gari la Kijiji

Mama Ketrina alikuwa ametumwa na kijiji chao cha ujamaa kutafuta mnunuzi wa gari lao bovu, lile lililokuwa likipeleka wajawazito hospitali Vwawa. Ndani ya basi la Tunduma, fundi Othmani, aliyeketi kando yake, alipoisikia shida hiyo akamuuliza, "Likipigwa starta, injini inazungukaje?" "Kwa wepesi mno, mwanangu, lakini haiwaki. Dereva anasema imekufa." "Huenda mkanda wa taimingi, ule unaofungua na kufunga vali za injini, umekatika tu. Fungueni kifuniko cha mbele muutazame. Ila msipige starta tena, vali zisije zikapinda." "Na kama zimeshapinda?" "Zinabadilishwa, mama. Injini haizikwi bila kupimwa."

Mimi niliyekaa nyuma yao, nisiyejua hata kuziba pancha, nikaitikia kwa kichwa.

Basi liliposimama Tunduma, Mama Ketrina hakuulizia wanunuzi. Alimuuliza kondakta basi la kurudi linaondoka saa ngapi.