Mkanda wa Kifuani wa Kocha Melchior

Ukoo umejaa wenye diploma, lakini wa kusimama mbele yenu wamenichagua mimi Nyiramana, mama wa marehemu, niliyeishia darasa la tatu, kwa sababu wao wanaogopa kusema ukweli na wanaona aibu kusema uongo. Haya, mjukuu wangu Phiona ameandika nilivyomtamkia, nami nimemkataza kulainisha hata neno moja.

Marehemu Melchior Nizeyimana alizaliwa tarehe 12 Mei 1972 Karagwe, Tanzania, tulikokuwa wakimbizi, akasoma hukohuko hadi sekondari aliyoimaliza mwaka 1992, na kila Ijumaa alirudi nyumbani na damu ya mwenzake kwenye shati. Tuliingia Kigali Februari 1995, akapata kazi ya kufundisha michezo Kagarama, na mwaka 1999 akaanzisha kikundi cha wakimbiaji, alichokiendesha kwa kipande cha mpira wa baiskeli, aliyebaki nyuma anachapwa, aliyetapika anachapwa kwa kutapika, na vikombe vilikuja, sikatai, ila vijana walilala kifudifudi kwa vidonda vya mgongo.

Tarehe 4 Agosti 2001 alifunga ndoa na Vestine hapo Kanombe, na Vestine, usiinamishe kichwa, wanajua kwamba mpira ule uliufahamu na mgongo wako. Walijaliwa Phiona na Shyaka.

Shyaka alikua mkimbiaji, na akiwa na miaka kumi na saba alianza mazoezi ya moyo wa chini, yaani anafunga mkanda kifuani, saa ya mkononi inamsomea mapigo, yakizidi mia na arobaini inalia naye anapunguza mwendo, hata ikibidi kutembea, kwa kuwa moyo uliozoezwa taratibu ndio unaobeba mbio ndefu. Jumapili ya tarehe 20 Oktoba 2019, barabara zikiwa zimefungiwa magari ili watu wafanye mazoezi, akina mama wenye vikapu vya parachichi walimpita kwenye mlima wa Kagarama, na mmoja akauliza, "Mwalimu, huyu wako anakimbia au anasindikiza maiti?"

Watu walicheka, Melchior akamwangusha mwanawe kwenye lami, akamkanyaga tumbo, akaung'oa ule mkanda na kumchapa nao usoni, mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka kidude chake cha plastiki, kile cha kusoma mapigo, kikalipasua jicho la kushoto, na madaktari hawakuweza kuliokoa. Polisi waliambiwa mtoto alijikwaa, na sote tuliitikia, nami nikiwemo.

Shyaka alihamia kwangu Nyamirambo, akaendelea na mwendo wake kwa jicho moja, na Juni 2023 akawashinda wote katika kilomita ishirini na moja, baba yake akiangalia kwa mbali na hakuna aliyempa mkono.

Septemba 2024 moyo wa Melchior ulianza kuchoka, daktari akaamuru atembee kila siku, mapigo yasizidi mia na kumi, na awe na mtu anayejua kuyasoma, na kwetu anayejua alikuwa mmoja tu. Nilimwambia aende kuomba mwenyewe. Alisimama mlangoni pangu, badala ya kusema samahani akafungua vifungo vya shati, na Shyaka akamfunga mkanda uleule. Wiki ya kwanza, kijana aliposema, "Papa, simama," alipigwa ngumi ya mdomo, akatema damu, akaitazama saa, akarudia, "Mia na ishirini na nane, Papa. Simama." Akasimama. Walitembea hivyo miezi kumi na minne.

Jumapili tarehe 16 Novemba 2025, kwenye mlima uleule, yule mama wa parachichi wa siku ile alimpita akamwambia, "Taratibu, mwalimu, hakuna anayekufukuza." Melchior aliutupa mkanda mtaroni, akampiga kiwiko Shyaka aliyemshika, akaupanda mlima mbio, hatua kama mia, akaanguka uso kwenye lami, akafia mikononi mwa kijana aliyempofua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta kuni na maharage, walimu wenzake, na yule mama wa parachichi, ambaye hana kosa lolote.

Jeneza litabebwa na vijana aliowachapa, na mbele yao atatangulia Shyaka, amevaa mkanda aliouokota mtaroni, saa ikilia watasimama wote, mzigo ukiwa mabegani. Melchior, jicho la mwanao ulililipa kwa moyo wako, na kilichobaki unakilipa leo, kwa kwenda kwa mwendo wake, ukipitwa na kila mwenye kikapu, huna mpira mkononi. Tulia sasa, mwanangu, upate amani.