Ndugu Ratilal na Jungu Ambalo Halijavunjika

Tarehe 30 Juni 1975, baada ya miaka ishirini na sita kazini, Ndugu Ratilal anakabidhi funguo za chumba cha wadudu cha kituo chetu hapa Tabora. Alizipokea bendera ikiwa ya Mwingereza, akaendelea kuzishika ilipopanda ya kwetu, na hajazipoteza hata mara moja. Miwani yake ndiyo inayopotea kila wiki.

Alizaliwa hapa hapa mjini, nyuma ya duka la vyombo ambalo sasa ni la kaka yake, Bwana Popatlal. Nyumbani walijua naye atauza sufuria. Yeye akawa anapanda garimoshi hadi Kigwa, anateremka, anafuata njia ya zamani ya misafara akipekua vichaka vya miiba kutafuta vifuko vya mayai ya vunjajungu. Wazee wa kule walimzoea. Wakimwona tu wanamsalimu, "Mwangaluka, baba wa wadudu!" naye anaitika kwa Kinyamwezi safi, mkono ukiwa bado ndani ya miiba.

Kwa asiyemjua, vunjajungu ni yule mdudu wa kijani anayekunja mikono kama anayeomba dua. Anakula wadudu wanaotuharibia mazao, ndiyo maana anafugwa hapa. Ndugu Ratilal alikuwa anachunguza vipapasio vyake, zile nyuzi mbili za kichwani anazopapasia na kunusia. Ukizitazama kwa hadubini unaona pingili pingili, kama muwa mwembamba kupita kiasi. Kitoto kikianguliwa kina pingili chache. Kila kikijivua ngozi zinaongezeka, tena haziongezeki nchani. Zinazaliwa huku chini karibu na kichwa, zinazisukuma za zamani mbele, kama nywele zetu zinavyoota. Dume ndiye mwenye vipapasio vya kujivunia, maana ndiye anayemtafuta jike kwa harufu. Ndugu Ratilal husema hata yeye Mama Jasoda, mke wake, alimpata kwa kufuata harufu ya bizari.

Lakini tukimtaja kwa fahari, tunataja mwaka 1968. Mwaka ule kila chumba cha kituo kilitakiwa kionyeshe kinalisaidia nini taifa. Mkuu wa utafiti alikuwa anakuja kutoka Dar es Salaam kuona vipapasio vinavyokua, na asipoona kitu, chumba kinakuwa stoo ya mbolea na wadudu wanaachiwa waende zao. Basi wakati huo huo vipapasio vikaanza kukatika. Leo mdudu ana viwili, kesho ana kimoja na nusu. Ndugu Ratilal alibadilisha majani, akabadilisha chupa, akahisi ni ugonjwa. Hakulala vizuri, Mama Jasoda ni shahidi.

Siku moja akamwona Bi. Tekla, mama yetu wa Bukene ambaye mpaka leo ndiye anayewalisha wadudu, akimhamisha mmoja kwa kumbana vipapasio na kibano, huku amegeuza uso pembeni. Wenzake nao walifanya hivyo hivyo. Jina lenyewe si linasema? Ukimgusa vunjajungu kwa mkono, chombo utakachoshika baada ya hapo kinavunjika. Na mama mwenye watoto wanaokula chungu kimoja hawezi kufanya mchezo na jambo hilo.

Ndugu Ratilal hakumgombeza mtu. Alianza kueleza, Bi. Tekla akamkata: yeye bwana anataka wavunje vyungu vyote ili kaka yake auze sufuria! Chumba kizima kilicheka, na Ndugu Ratilal akacheka kuliko wote.

Kesho yake alikwenda sokoni kununua jungu kubwa la udongo. Akamtembeza vunjajungu kiganjani, begani, hadi juu ya kofia, watu wote wanatazama. Kisha akalijaza jungu maji, akalikumbatia kama mtoto, akalibeba kutoka getini hadi chumba cha wadudu. Bi. Tekla alitembea nyuma yake akimwambia angalia mawe, maana ukijikwaa hapa, ndugu yangu, hakuna atakayekuamini tena.

Hakujikwaa. Kuanzia siku hiyo kibano kilibaki mezani, na wadudu wakahamishwa kwa mkono. Walipojivua tena na tena, vipapasio vilivyokatika vikaota upya. Mkuu alipofika aliinamia chupa moja baada ya nyingine, akatoka anatabasamu. Chumba hatukunyang'anywa.

Jungu lile ndilo tunalonywea maji hadi leo. Kila mfanyakazi mpya humtembeza kwanza vunjajungu mkononi, kisha anachota maji humo mwenyewe. Ndivyo nilivyopokelewa nami, mwanangu akiwa mgongoni, na yeye akanyoosha kidole bila woga wowote. Labda siku moja atazihesabu pingili hizo.

Tulitaka Ndugu Ratilal aende nalo nyumbani. Amekataa, anasema wageni wa kesho nao watakuja na hofu zao. Basi wafanyakazi tumechanga tukamnunulia sufuria, kubwa, yenye mfuniko, na tumeinunua dukani kwa Bwana Popatlal. Kaka mtu amepata biashara aliyosingiziwa miaka saba iliyopita.

Ahsante, Ndugu Ratilal, kwa mikono yako mipole. Upumzike kwa afya na furaha pamoja na Mama Jasoda, na kila ukitoka kutembea Kigwa, pita hapa unywe maji. Jungu bado zima.