Maji Niliyoambiwa Nisiogee Kwanza

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Ejok, salamu kwenu nyote, mliotoka Kakuma na mliotoka mbali zaidi. Mimi ni Akiru. Nimesimama hapa Lodwar kuwaambia jinsi Mungu alivyonitoa shimoni, na shimo lenyewe lilikuwa la kweli, lenye mchanga na maji.

Mwaka wa 2012 nilikuwa na mchumba pale Kakuma. Aliendesha pikipiki, alikuwa mcheshi, na kanisani alipiga ngoma hadi wazee wakasahau magoti yao. Kila mtu alinipongeza. Baba alikuwa amepoteza mifugo kwa ukame, na mahari aliyoahidiwa ndiyo ingemwinua. Basi nilipopigwa kofi la kwanza, nilinyamaza. Aliposhika simu yangu na kuniamulia wa kuongea naye, nikasema ni wivu wa mapenzi. Ndugu zangu, wivu wa namna ile haumpendi mtu, unamfunga.

Asubuhi moja nilikwenda kumwambia tusubiri kwanza kuoana. Akaupinda mkono wangu wa kulia, akanilazimisha nililokataa. Nilipotoka pale dunia yote ilikuwa mbali. Mbuzi walipita bila sauti, na miguu ilitembea bila mimi. Nilijua jambo moja tu: nilitaka maji. Nioge, nioge, nioge, kisha nisimwambie mtu.

Maji tuliyachimba kwenye mchanga wa laga, ule mto mkavu. Shimo ni refu, kwa hiyo wanawake husimama mmoja juu ya mwingine, karai hupanda mkono kwa mkono, na wimbo hupanda nalo. Sheria yetu ni kwamba wimbo ukikatika wote wanatoka, maana huenda mchanga unaanguka na kuna mtu ameshindwa kupiga kelele. Nikashuka, nikasimama katikati. Kulikuwa na baridi tamu, nami niliimba kama mtu aliyelala. Karai likanifikia. Mkono ukakataa. Maji yakanimwagikia kifuani, na wimbo ukakatika.

"Tokeni wote," Mama Ekai akasema kutoka juu. Ni mjane, jirani yetu. Hakuuliza nani amemwaga. Aliutazama mkono wangu, kisha gauni langu, akanipeleka kivulini. Nikamwambia yote, nikalia sana.

"Si kosa yako, mwanangu," akasema. "Lakini usioge saa hii. Daktari aone kwanza, na dawa ya kukukinga haingoji. Maji yako tutabeba."

Akaujaza mtungi wangu, tukapanda lori kuja Lodwar. Aliubana mtungi kati ya magoti yake, na njia nzima niliyasikia yale maji yakicheza ndani. Nilikuwa nusu ndotoni. Nilidhani ni Mungu ananong'ona, na mpaka leo sijabadilisha mawazo.

Hospitalini muuguzi aliniomba ruhusa kila mara kabla ya kunigusa. Nilikuwa nimesahau kwamba mwili wangu una mwenyewe. Walipomaliza, Mama Ekai alinimiminia maji ya laga bafuni, uso akiugeuzia ukutani. Ndugu zangu, nilioga!

Lakini nilimwogopa Baba. Nilijua nimemnyima ng'ombe. Alipofika aliketi kando yangu, fimbo mapajani.

"Mifugo ilikufa, nikaishi," akasema. "Wewe ukifa sitaishi."

Kesho yake tulikwenda naye polisi. Kesi ilivuta hadi 2013, na wapo walioniambia nimeharibu jina la kijana mzuri. Wanawake wa kisimani walikuja mahakamani, wakaketi nyuma yangu kila mara, na kijana yule akafungwa. Usingizi wangu ulirudi polepole. Namshukuru Mungu kwa huo pia.

Wewe dada uliyekaa hapa, unayeimba nasi huku mkono hauinuki, mtumaini Bwana, na uache karai limwagike. Hatutauliza nani amemwaga. Tutasikia wimbo umekatika, nasi tutakuja.