Ruta ya Kumlinda Hajra

Pale Dunda, Bagamoyo, palipokuwa na banda la video zamani, siku hizi pamebaki ukuta na benchi la ubao mmoja. Mbele ya benchi hilo Dadi muuza kahawa huweka jiko lake la mkaa baada ya sala ya alasiri. Wateja wake wa kudumu ni watatu. Muharami, kondakta wa zamani wa basi la Chalinze, wanamwita Satelaiti kwa kuwa hakuna habari isiyompitia. Mikdad alifundisha ushonaji wa nyavu katika chuo cha uvuvi cha Mbegani mpaka akastaafu. Huyo wanamwita Matundu. Wa tatu ni Majaliwa, asiye na jina la utani, maana aliyekuwa akimtania ni mkewe Maulida, na Maulida katangulia mbele ya haki, mwaka wa pili sasa. Siku hiyo Majaliwa alikuja na karatasi mbili za dukani zenye picha za ruta, vile visanduku vya kugawa intaneti, akazitandaza gotini kama mtu aliyeletewa barua ya msiba.

— Mwanangu Yusuf kapiga simu, yuko njiani na lori lake, alisema. Anataka nyumbani niweke intaneti, binti yake Hajra asome. Ila ruta iwe na kichujio, mambo machafu yasimfikie mtoto. Sasa ziko mbili. Hii ndogo unaipangia saa za kufungua na kufunga, na kurasa chafu inazizuia. Hii kubwa inachuja neno kwa neno.

— Beba kubwa, mzee baba, alisema Satelaiti. Picha za siku hizi zinapenya hata ukuta. Ukizima simu, zinajipanga nje mlangoni kama abiria wa Idi.

— Haba na haba hujaza kibaba, alidakia Dadi huku akimimina kahawa.

— Hiyo inaingiaje hapo? aliuliza Satelaiti.

— Picha moja, picha mbili, mwisho simu imejaa!

Matundu alitikisa kichwa.

— Mimi nauliza kichujio hicho macho yake yana ukubwa gani. Wavu wa macho madogo unazoa mpaka vitoto vya samaki. Unajisifu umevua, kumbe umeua.

Majaliwa alikunja karatasi. Kulikuwa na jambo hajamwambia mtu.

— Jamani, nimemkuta Hajra uani kainamia simu. Kusikia makubadhi yangu, kaificha ndani ya kanga. Si mara moja, mara tatu. Nikimuuliza, "ya shule, babu", na macho chini. Mtoto wa miaka kumi na mitatu. Mimi hata sala hainikai kichwani.

Satelaiti akasogea karibu, sauti ya siri.

— Huko Ulaya kuna mtu kakaa na daftari, kila mtoto wa Bagamoyo kamwandika. Anajua nani kala nini. Dawa yake ruta uifungie kabatini, umeme uipe saa moja tu kwa siku.

— Naam, alisema Dadi. Mficha uchi hazai.

— Dadi, nyamaza umimine kahawa! alimkemea Satelaiti.

Wakacheka. Matundu akaegemea ukuta.

— Kichujio cha enzi zetu alikuwa Bi Kuruthumu. Mnaikumbuka ile deki ya video aliyoletewa na mwanawe kutoka Uarabuni?

Nani asiikumbuke? Mtaa mzima ulijaa mkekani kwake kutazama picha za Kihindi. Stelingi, yule shujaa wa picha, akianza tu kumsogelea binti, Bi Kuruthumu alivua kanga ya begani akaitupa juu ya televisheni. Watoto waliitazama kanga na kusikiliza muziki mpaka hatari ipite.

— Ile kanga tuliijua kuliko sura ya stelingi, alisema Satelaiti.

— Na ukitoroka kuja kwenye banda lililokuwa hapa, aliongeza Matundu, mama yako kapata habari kabla hujatoka. Nani kamwambia? Kila mtu!

Majaliwa alitabasamu. Aliwahi kuchapwa papo hapo na mama wa mwenzake, kisha mama huyohuyo akampeleka kwake akampa uji. Wakati ule hukuweza kuwa peke yako hata ukitaka.

Saida akatokea na maboksi mawili kwapani. Yeye ndiye mwenye duka lililotoa zile karatasi, na ndiye anayefunga ruta majumbani.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanangu.

— Babu, umechagua ipi?

— Kubwa! alijibu Satelaiti.

— Kubwa ni nzuri. Ila nisiwafiche, hiyo inafunga lolote linalotaja mwili, alisema Saida akiinamisha macho. Hata masomo ya baiolojia. Mtoto wa kike akitaka kujua mambo ya hedhi, haimfungulii.

— Afadhali! Hayo atauliza watu wa nyumbani, alisema Satelaiti.

— Nani? aliuliza Saida.

Hakuuliza kwa ubishi, alitaka kujua. Majaliwa aliipita nyumba yake kichwani, chumba kwa chumba. Yusuf yuko barabarani. Mama yake Hajra kaolewa mbali, husikika Idi hadi Idi. Maulida yuko kaburini.

Ndipo ilipomjia Ramadhani iliyopita. Alimfumania Hajra jikoni mchana, anakula kwa kujificha. Alimgombeza vibaya, akamwambia bibi yake angeona haya. Mtoto alilia tu. Mwenye hedhi hafungi, na Majaliwa hakulifikiria hilo. Kumbe angesema nini, na angemwambia nani? Swali lake alikuwa akiipelekea simu.

— Lete ndogo, alisema Majaliwa, akainuka, kahawa hajaimaliza.

Hakwenda kwake. Alikwenda kwa Mardhiya, shoga wa marehemu mkewe, aliyewafunda wari wengi wa Dunda. Alimkuta mlangoni anapepeta mchele.

— Shemeji, alisema. Hajra amekua. Hana somo, mwanamke wa kumfunda. Mimi... mimi nimemkosea, wala sikujua.

Mardhiya akaweka ungo chini.

— Nilikuwa nangoja uniite. Zamani ningeingia tu. Siku hizi kila mtu na mlango wake, shemeji, unaogopa kuitwa mmbea.

Akajitanda kanga, wakaongozana.

Majaliwa alibaki barazani. Kutoka ndani alisikia sauti ya Mardhiya, ya chini, ya taratibu. Kisha kilio cha Hajra. Saida akafika na ruta ndogo na waya wake.

— Hodi. Nifunge wapi, babu?

— Kaa kwanza, mwanangu, alisema Majaliwa, akimsogezea kigoda. Ndani wanazungumza.