Mzee wa Sisimizi na Barua Zilizolala

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mzee mmoja aliyetutoka wiki mbili zilizopita, akiwa na miaka sabini na minne. Miaka thelathini na sita alipanga barua posta. Alipostaafu, akaanza kuandika habari za sisimizi. Ndiyo, umesikia vizuri. Sisimizi, hawa hawa wa jikoni kwako. Mtaani walimwita Mzee wa Sisimizi, naye aliitika bila kinyongo.

Juzi nilikaa kwenye jiko lake. Mjane wake alinionyesha mistari ya chaki ukutani, kila mmoja na tarehe yake. Ni njia walizopita sisimizi. "Yeye anachora, mimi nafuta," mama aliniambia. "Tumeoana miaka arobaini na mitano, na ugomvi wetu mkubwa ni sukari." Mzee hakutaka kopo la sukari lifunikwe kabla hajamaliza kuwahesabu wageni wake. Mama naye alikuwa na birika la maji ya moto tayari.

Basi, mzee akataka tovuti. Hakuwa na cha kuuza wala hakutafuta umaarufu. Alitaka kujua jambo moja tu: je, kuna mtu mwingine huko nje anayewaangalia sisimizi kama yeye? Lishike hilo, msikilizaji. Alitaka kujua kama kuna mtu.

Binti yake ni muuguzi. Alimweleza kwamba siku hizi si lazima uwe mtaalamu. Ipo mifumo ya kuendesha tovuti. Unausakinisha mmoja, unaandika habari yako, unaweka picha, nao unapanga kila kitu mahali pake. Shida ni kwamba iko mingi. Mzee akateua mitatu, akaipa mtihani wa kiposta. Kila mmoja aliuwekea habari ileile, ya sisimizi kumi na mmoja wakiburuta bawa la nzi. Kisha akamwita mkewe aitafute, yeye kashika saa.

Kwenye mfumo wa kwanza, mama hakuiona kabisa. Wa pili ulipendeza kweli, lakini kurasa zilijikokota mpaka mama akaenda kuepua chai. Wa tatu haukuwa na mapambo. Ila pembeni ulikuwa na orodha ya mada, mfano wa vile vishubaka vya kupangia barua. Mama aliipata habari kwa sekunde tisa. Mzee akasema huo ndio.

Kuusakinisha kulichukua siku kumi na moja. Binti anasema mtu mwingine angemaliza kabla ya chakula cha mchana. Lakini baba yake aliandika kila hatua kwenye daftari na kuigongea muhuri wa tarehe. Hifadhidata, pale habari zote zinapotunzwa, ilimgomea mara nne. Kumbe kila akiandika nenosiri aliacha nafasi tupu mwishoni. Mkewe akamtania: "Kompyuta imekukataa mara nne. Mimi nilikukataa mara mbili tu." Ukurasa ulipofunguka, mzee alikwenda kubadilisha shati kwanza, ndipo akaandika habari ya kwanza.

Sasa hapa ndipo alipokosea, na ni kosa la mtu wa posta mtupu. Maelekezo yalisema tengeneza akaunti mbili: akaunti kuu ya kuendeshea tovuti nzima, na akaunti ya kawaida ya kuandikia. Ushauri mzuri tu. Lakini kazini kwake ufunguo mkuu haukuguswa ovyo. Kwa hiyo aliandika nenosiri la akaunti kuu kwenye karatasi, akaitia kwenye bahasha, akaifunga kwa lakiri, ile nta ya muhuri, na kuweka sahihi. Sheria yake ilikuwa kwamba haifunguliwi ila mbele ya mashahidi wawili. Na maoni ya wasomaji yalikuwa yanaingia kwenye akaunti kuu, yakisubiri kuidhinishwa. Kwenye akaunti yake ya kuandikia hakuyaona.

Miaka mitatu, wasikilizaji. Kila wiki habari moja, jumla mia moja hamsini na sita, na hakuona hata salamu. Kila Jumatatu aliweka habari mpya, akatazama chini ya ukurasa, akafunga kompyuta. Binti alimwona akinyong'onyea. Halafu moyo ukaanza kumsumbua, akasema anaifunga tovuti. "Niliuliza kama kuna mtu," alimwambia mkewe. "Hakuna mtu."

Lakini kuifunga kulihitaji ile akaunti kuu. Mke na binti wakaitwa kuwa mashahidi. Bahasha ikachanwa. Ukurasa ukafunguka, na juu kabisa pameandikwa: maoni mia mbili sitini na nane yanasubiri.

Mzee akalia. Ungedhani ni furaha. Binti anasema furaha ilikuja kesho yake. Siku ile alilia kwa aibu. "Barua za watu zimelala miaka mitatu," alisema. "Zimelala mikononi mwangu mimi."

Habari ya kufunga tovuti ikafa hapo hapo. Alianza na maoni ya zamani zaidi, moja baada ya jingine. Kila jibu lilianza kwa samahani, kosa ni la ofisi. Dereva wa lori aliandika kwamba ameacha kuwamwagia sisimizi maji ya moto dirishani. Mama akasomewa hilo mara mbili. Mwalimu mmoja alikuwa ameuliza mara tatu kama mwenye tovuti yu hai. Mzee akamjibu: "Nipo, mwalimu. Nilikuwa nimejifungia nje."

Miezi miwili alijibu. Alirudi kula vizuri, alirudi kucheka. Alifika mia mbili arobaini na tisa. Jumanne moja asubuhi moyo wake ukasimama, yakabaki maoni kumi na tisa.

Tunampa pole mjane wake, binti yake, na wenzake wote wa posta. Mungu awape nguvu. Nawe unayenisikiliza, yupo mtu alikuandikia, au alikupigia, na hujamjibu. Unamjua. Usimwache aamini kwamba hakuna mtu.

Yale kumi na tisa anayajibu mama, mawili kila siku. Nilimwuliza amefika wapi. Akasema limebaki moja tu, la mwanafunzi fulani anayeuliza sisimizi wakikutana njiani ni yupi humpisha mwenzake.

"Sijui," aliniambia. "Aliyejua ameondoka. Kwa hiyo leo sukari sijaifunika. Nimekaa hapa nawaangalia."